Pesa Zinazoishia Kwenye Lango la Kasapa

Barabara ya Kasapa, mjini Lubumbashi, inapitiwa na vijana wa aina mbili. Wa kwanza wanaelekea kampasi ya Chuo Kikuu, madaftari mkononi. Wa pili wanapelekwa gereza kuu, wamebanana nyuma ya gari la polisi. Umri wao ni mmoja, na mara nyingi hata mtaa waliozaliwa ni mmoja: Katuba, Kenya, Ruashi, Kalebuka. Yule wa kwanza akimaliza masomo hupewa cheti, na jina lake hubaki kwenye kumbukumbu za kitivo. Yule wa pili akimaliza kifungo, lango hufungwa nyuma ya mgongo wake, na mjini kote hakuna mtu anayelipwa mshahara ili ajue kijana huyo amelala wapi usiku ule.

Hapo ndipo penye tundu kubwa la usalama wa Lubumbashi. Tundu hilo lina bei yake, na wanaopaswa kulilipia ni viongozi wa jimbo la Haut-Katanga, wa mji na wa komini zake saba.

Wakaaji wanaujua mwendo wa serikali pale ujambazi unapozidi. Usiku kadhaa nyumba zinavunjwa, simu na pikipiki zinaporwa, mtu anakatwa panga. Malalamiko yanapanda kutoka kwa shefu wa kartiye hadi kwa burugumesta, kwa meya, kwa gavana. Kisha inafanywa buklaje: mtaa unazingirwa alfajiri, vijana wanakusanywa na kupakiwa. Baadaye washukiwa wanakalishwa chini mbele ya kamera, silaha zimepangwa miguuni pao, na kiongozi anawahakikishia wananchi kwamba sasa walale usingizi. Baadhi yao wanaachiliwa kwenye kituo kidogo, kile ambacho kila mtu anakiita sous-ciat, ndugu zao wakishatoa chochote. Waliobaki wanapelekwa parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, na kutoka parke hadi Kasapa. Miezi ikipita, majirani wanakutana nao tena kwenye kona ileile.

Pesa za jimbo na za mji zinaonekana pale mwanzoni: mafuta ya magari, posho za usiku, betri za redio. Kazi hiyo ina maana yake, maana doria ikikosekana kabisa ni maskini wa pembezoni anayeumia kwanza. Lakini matumizi hayo yanafuata operesheni, wala hayamfuati mtu. Operesheni ikiisha, fedha nazo zinakauka, na mtu anaendelea kuishi.

Gereza la Kasapa lilijengwa enzi za Wabelgiji kwa ajili ya watu 800 hivi. Mwaka 2020 lilikuwa na zaidi ya 2,000. Septemba ya mwaka huo fujo zilizuka humo, wafungwa wanaume wakachoma sehemu ya wanawake, na kwa muda wa siku tatu wanawake wengi walibakwa kabla hali haijadhibitiwa. Miaka tisa kabla ya hapo, tarehe 7 Septemba 2011, watu wenye silaha walilivamia gereza hilohilo mchana na kumtoa Gédéon Kyungu Mutanga, kiongozi wa wanamgambo wa Mai-Mai aliyekuwa amehukumiwa kifo. Wafungwa zaidi ya 900 walitoka pamoja naye wakatawanyika mjini na vichakani. Mzazi yeyote wa Lubumbashi mwenye kumbukumbu ya siku hizo hawezi kuambiwa kwamba ukuta peke yake unamlinda.

Tena wengi walio ndani ya magereza ya Kongo hawajahukumiwa. Kwa nchi nzima, wanaosubiri kesi ni zaidi ya theluthi mbili ya wafungwa. Katiba, katika kifungu chake cha 18, inasema mtu asishikiliwe na polisi zaidi ya saa 48 kabla hajaachiliwa au kufikishwa mbele ya mamlaka ya mahakama. Hata hivyo mwendesha mashtaka asiye na gari hawezi kukagua mahabusu za mitaa kama Kisanga na Luwowoshi, na faili lisilokuwa na karatasi haliendi popote. Matokeo yake ni kwamba aliyeiba kuku analala na aliyeua. Kijana aliyeingia akiwa mtazamaji wa kundi anatoka akiwa na wakubwa wapya, deni alilokopeshwa humo ndani, na jina la kutisha.

Sheria ya Kongo haikukosa milango ya kutokea. Sheria ya adhabu inaruhusu mfungwa aachiliwe kwa masharti baada ya kutumikia robo ya kifungo, ilimradi amekaa zaidi ya miezi mitatu. Kuna adhabu iliyosimamishwa. Kuna sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, iliyounda mahakama za watoto na kumpa hakimu uwezo wa kumrudisha mtoto kwa wazazi wake chini ya uangalizi, au kumkabidhi kwa taasisi, badala ya kumfungia. Yote haya yanataka mtu wa kufuatilia. Masharti yasiyokaguliwa na mtu ni maandishi tu, na mahakimu wanalijua hilo, ndiyo maana wengi wao wanaona usalama uko kwenye kufunga.

Kwa kuwa milango hiyo haitumiki, nchi imekuwa ikitafuta dawa kali. Novemba 2013 polisi wa Kinshasa walianzisha Operesheni Likofi dhidi ya magenge ya vijana yanayoitwa kuluna. Human Rights Watch ilihesabu vijana na watoto wasiopungua 51 waliouawa, wengine wakitolewa majumbani mwao usiku, na 33 waliotoweka. Kuluna hawakuisha. Machi 2024 serikali iliondoa usitishaji wa utekelezaji wa hukumu ya kifo uliokuwa umedumu kwa miaka zaidi ya ishirini, na ujambazi wa mijini unaosababisha kifo ukawekwa miongoni mwa makosa yanayohusika. Kufikia mwanzoni mwa 2025, watu zaidi ya 100 waliohukumiwa kama majambazi wa mjini walisafirishwa kutoka Kinshasa hadi gereza la Angenga, huko Mongala, kusubiri hukumu hiyo itekelezwe. Katikati ya matukio hayo, usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 2024, watu 129 walikufa katika jaribio la kutoroka gereza la Makala, kwa hesabu ya serikali yenyewe. Makala ilijengwa kwa watu 1,500.

Kuna njia nyingine, iliyo karibu zaidi na Lubumbashi. Tangu mwaka 2020 mamia ya vijana wa Kinshasa wamepelekwa Kaniama-Kasese, Haut-Lomami, chini ya Service National, huduma ya serikali kuu, kufundishwa kilimo na ujenzi. Kumpa kijana jembe, mwiko na ratiba ni jambo jema kuliko kumpiga risasi. Lakini anayepelekwa huko lazima awe amepita mbele ya hakimu, na anayerudi lazima apokewe na mtu. Fundi mwashi aliyerejea Katuba bila kazi, bila vifaa na bila ofisa wa kumwulizia hali anarudi mikononi mwa walewale aliowaacha.

Nchi nyingine za ukanda huu zimeshatembea hatua kadhaa kwenye njia ya kumfuatilia mtu. Nchi ya Kenya ina huduma ya probesheni tangu 1946. Maofisa wake humwandikia hakimu ripoti kuhusu familia na mwenendo wa mshtakiwa kabla ya hukumu, kisha humsimamia akiwa nyumbani. Mwaka 1998 Kenya ikaongeza sheria ya kutumikia jamii, ambapo mtu ambaye angefungwa miaka mitatu au chini yake anaweza kufanya kazi za umma bila malipo na kurudi kwake jioni. Tanzania ilipitisha sheria ya aina hiyo mwaka 2002. Nchi hizo hazijamaliza magenge, kama wanavyojua watu wa Kisauni, Mombasa, na wale wa Dar es Salaam walioonja machungu ya Panya Road. Zina kitu kimoja ambacho Lubumbashi haina: mtumishi wa serikali ambaye kazi yake ni mtu aliyetoka.

Mfano unaotajwa zaidi duniani unatoka Boston, Marekani. Mwaka 1992 polisi na maofisa wa uangalizi wa mji huo walianza kutembea pamoja usiku, wakigonga milango ya vijana waliokuwa chini ya amri ya mahakama, kuhakikisha wako ndani saa iliyopangwa. Wazazi wengi walifurahi, kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu mwenye mamlaka alikuja nyumbani bila kuvunja mlango. Mwaka 1996 kazi hiyo iliunganishwa na mpango mkubwa zaidi ulioitwa Ceasefire. Polisi, waendesha mashtaka, maofisa wa uangalizi, wachungaji na wafanyakazi wa mitaani walikaa meza moja, wakataja makundi machache yaliyokuwa yakimwaga damu, wakayaita na kuyaambia mambo mawili kwa wakati mmoja: mkiua tena tutawashukia nyote kwa nguvu zote za sheria, na anayetaka kuacha atasaidiwa leo hii. Watafiti waliopima matokeo walikuta mauaji ya vijana kwa mwezi yamepungua kwa asilimia 63.

Lubumbashi si Boston, na bastola za kule si mapanga ya hapa. Somo linaloweza kuvuka bahari ni la mpangilio. Wanaofanya ukatili ni wachache na wanajulikana kwa majina. Kila ofisi inajua kipande kuhusu kila mmoja wao: polisi wanajua alikamatwa lini, parke wanajua faili limekwama wapi, gereza linajua alikaa na nani, parokia inajua mama yake, shefu wa kartiye anajua nyumba anamolala. Vipande hivyo vikikaa katika ofisi tano zisizosemezana, kijana anapita katikati yake kama maji kwenye chekeche. Kuviunganisha kunahitaji meza moja, na meza hiyo inahitaji mfuko mmoja.

Swali la kwanza la kila mbunge wa jimbo litakuwa: polisi ni wa Kinshasa, sisi tunahusikaje? Mishahara ya polisi kweli inatoka Kinshasa. Lakini sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 kuhusu vyombo vya serikali za mitaa inampa meya jukumu la kulinda utulivu wa mji wake, na burugumesta jukumu hilohilo katika komini yake, kwa kutumia vikosi vya polisi vilivyopangwa hapo. Sheria ya polisi ya tarehe 11 Agosti 2011 ikaenda mbele zaidi: ilifungua njia ya mabaraza ya mitaa ya usalama wa karibu na raia, ambapo mkuu wa eneo, polisi, huduma nyingine za serikali na wawakilishi wa wananchi wanakaa kupanga usalama wa eneo lao. Mabaraza hayo yalijaribiwa Matadi, Kananga na Bukavu kwa msaada wa wafadhili. Kwa hiyo meza imeshaandikwa kwenye sheria, na Lubumbashi haihitaji kungoja msafara wowote kutoka nje ili ikae.

Swali la pili ni zito zaidi: pesa ziko wapi? Katiba inasema asilimia 40 ya mapato ya kitaifa yabaki majimboni, na sheria ya 2008 inaziahidi serikali za mitaa asilimia 40 ya fungu hilo la jimbo. Ahadi hiyo haijawahi kutekelezwa kikamilifu, na anayejenga mpango juu yake anajenga juu ya mchanga. Chanzo chenye uhakika zaidi kiko chini ya miguu ya watu wa Haut-Katanga. Sheria ya madini ya tarehe 9 Machi 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo la mtaa ambamo mgodi unachimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Lubumbashi ina machimbo ndani ya mipaka yake, Ruashi na Étoile, ile Étoile ambayo madini yake ya awali yaliyeyushwa kuwa shaba mjini hapa mwaka 1911. Juu ya hayo, kila kampuni ya uchimbaji inatakiwa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka, na fungu hilo linasimamiwa na bodi yenye wajumbe wa kampuni na wa jamii. Namna ya kushika mfuko kwa mikono mingi imeshajulikana katika jimbo hili.

Tena kuna haki katika kuutumia mrabaha kwa jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Gécamines, kampuni ya madini ya serikali iliyokuwa imeanguka, iliwaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Ndani ya nyumba za watu hao mshahara, shule ya kampuni, hospitali na unga wa kila mwezi vilikatika kwa pamoja. Watoto waliozaliwa miaka ile ndio wenye umri wa kuingia makundini leo, na wadogo zao wanafuata. Shaba iliporudi, haikurudi na nafasi za baba zao. Senti za mrabaha zikimfikia kijana wa Kamalondo au wa Katuba kwa njia ya ofisa anayemfuatilia na karakana inayompokea, zitakuwa zimerudi nyumbani.

Mfuko huo una hatari zake, na wanaoutetea wanapaswa kuzitaja wao kwanza. Katanga inakumbuka miaka ya 1992 na 1993, wakati vijana wa JUFERI, tawi la vijana la chama cha UFERI, walipotumiwa na wanasiasa dhidi ya majirani zao wenye asili ya Kasai, na familia maelfu kwa maelfu zikafukuzwa makwao. Pesa za usalama zikiwekwa mfukoni mwa kiongozi mmoja zinaweza kuzaa kundi jingine lenye sare. Leo pia, panapotokea wizi, vidole huelekezwa upesi kwa wageni walioshuka kwenye treni kutoka Kasai na kwa waendesha pikipiki wanaoitwa wewa. Daftari la uangalizi likijazwa kwa kabila, litakuwa silaha. Lijazwe kwa kesi na kwa amri ya hakimu peke yake, na mtu akimaliza muda wake jina lake lifutwe.

Kwa sababu hiyo mfuko unahitaji masharti yake wenyewe. Fedha zikae kwenye akaunti yenye saini ya meya, ya mwakilishi wa parke na ya mjumbe wa jamii. Hesabu zibandikwe kila robo mwaka kwenye ukuta wa kila komini, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Sehemu isiyopungua nusu isiguse operesheni za usiku kabisa, iende kwa uangalizi na kwa kazi za mikono. Madiwani wa komini waliochaguliwa Desemba 2023, katika kura ya kwanza ya aina hiyo baada ya miongo mingi, wapewe haki ya kuhoji kila faranga. Wamekaa muda mrefu bila kazi ya maana wala posho, huku uchaguzi wa maburugumesta na mameya uliopaswa kufuata ukiahirishwa. Hii ni kazi inayowafaa.

Wapo watakaouliza kwa nini mwizi apewe ofisa na karakana wakati mwalimu hajalipwa na mama aliyeporwa hajarudishiwa chochote. Hasira hiyo ni halali. Aliyekatwa panga ana haki ya kuona aliyemkata anahukumiwa, na mpango wowote usiomweka mhanga mezani haustahili kuungwa mkono. Lakini mama huyo tayari analipa. Analipia mlinzi au vyuma vya dirisha, anafunga kibanda chake saa kumi na mbili badala ya saa tatu, anampa motari nauli kubwa zaidi kwa sababu njia ya Kalebuka ina giza. Gharama hiyo haimo katika bajeti yoyote, na ndiyo kubwa kuliko zote. Ofisa mmoja anayejua vijana arobaini kwa majina, anayekwenda kwao Jumanne na Ijumaa, na mwenye uwezo wa kumrudisha mbele ya hakimu yule anayevunja masharti, anampunguzia mama huyo sehemu ya mzigo.

Wala mji hauanzi na mikono mitupu. Masalesiani wa Don Bosco wamekuwa wakipokea watoto wa mitaani hapa kwa miongo mingi katika nyumba za Bakanja, na Cité des Jeunes inafundisha ufundi. INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, ina kituo chake Lubumbashi. Idara ya mambo ya jamii ina watumishi wanaozijua familia, ingawa mara nyingi hawana hata nauli ya kwenda kuzitembelea. Kinachokosekana ni agizo la kuwaunganisha na kipengele cha bajeti chenye jina.

Kikao cha Septemba cha bunge la jimbo ndicho cha bajeti. Wabunge wa Haut-Katanga wanaweza kuandika kipengele hicho mwaka huu, nalo baraza la usalama la mji likaanza na kidogo: maofisa saba wa uangalizi, mmoja kwa kila komini, kila mmoja na pikipiki yake na daftari lake, gari moja la parke kwa ajili ya kukagua mahabusu za sous-ciat ndani ya saa 48, nafasi za mafunzo zilizolipiwa mapema kwa vijana wa kwanza, na ripoti ya wazi baada ya miezi kumi na miwili, ikisema wangapi walikamatwa tena na wangapi hawakukamatwa. Siku ya kwanza ya kazi, ofisa wa Katuba angekuwa amesimama nje ya lango la Kasapa tangu asubuhi, akiwa na jina la kijana anayetoka, anwani ya shangazi aliyekubali kumpokea, na saa ya kukutana Jumatatu inayofuata.